Njia ya Beyko Kwenye Theluji

Nyumba ya Tiba, Chumba Namba 14
9 Januari 2006

Bwana Strahil Dyulgerov,
Smrikovo.

Natumai Beyko amefika salama na kwamba hamkumpakia kwenye buti la gari. Mkeo Nevena aliniahidi kuwa utampakata, lakini Nevena ameshapanda basi la kwenda Bari kumtunza yule bibi wa Kiitaliano, na ahadi zake amezibeba huko huko.

Usinipigie simu. Masikio yangu unayajua. Juzi nesi alinipa simu ya ukumbini, mtu akapiga kelele humo dakika tano nzima, nami nikamjibu "na wewe pia". Mpaka leo sijui alikuwa nani. Mwenye neno na mimi aandike.

Nyonga wameitia chuma. Wanasema inashika. Wanasema wiki sita. Kwa wiki sita hizo Beyko yuko mikononi mwako, wala sikupi masharti, maana wewe ni bingwa wa mbwa na bingwa haambiwi. Nakuomba jambo moja tu. Miguu yake ni mifupi, umeiona, na tumbo huburura kwenye theluji. Akiingia ndani, mfute tumbo. Mengine yote atakuambia mwenyewe.

Mama wa mkeo,
Paraskeva Tomova


Smrikovo, 13 Januari

Mama mkwe mheshimiwa,

Barua nimeipata. Mbwa yupo, mzima, kilo tisa na nusu. Kati ya hizo, mbili na nusu ni za bure.

Bila kujisifu: miaka ishirini na sita nimefunza mbwa wa mpakani. Mbwa wangu walilala nje nyuzi ishirini chini ya sifuri, na asubuhi wakaamka wakiuliza kazi iko wapi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, hali ya hewa iwe iwavyo. Anakula mara moja. Analala ukumbini juu ya gunia. Sofa marufuku, kitanda marufuku, na mimi nikiwa mezani haingii jikoni. Nipe wiki mbili, nitakurudishia askari.

Siku ya kwanza, nasema kweli, kulikuwa na kutoelewana kidogo. Nilifungua mlango. Theluji ilifika magotini mwangu, yaani ilimpita yeye kimo. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena, kama mtu aliyeletewa supu yenye nzi. Nikasema "Toka!" kwa sauti ile iliyokuwa ikirusha mbwa juu ya kuta. Akakaa. Nikamwambia "Kaa," ili angalau amri yangu na tendo lake vifanane. Akasimama.

Nimechukua beleshi nikamchimbia kijia cha mita nne. Ni kwa leo tu.

Tafadhali nijulishe tarehe kamili ya kuja kuchukuliwa.

Strahil Dyulgerov,
sajenti mkuu mstaafu


Chumba Namba 14
18 Januari

Bwana Dyulgerov,

Barua yako niliisoma kimya kimya, nikacheka, na kwa kuwa mimi nikicheka sijui nimecheka kwa sauti gani, wenzangu wawili wa chumbani walitaka kujua kuna nini. Nikawasomea. Mmoja alivunjika mguu, mwingine mkono, wote wawili hawana cha kufanya mchana kutwa zaidi ya kutazama dirisha. Sasa wanakuita Sajenti, na wanauliza kila posta ikija.

Miaka ishirini na tisa umekuwa mkwe wangu, na kwa miaka ishirini na tisa hukuniandikia hata kadi ya sikukuu. Ilibidi aje mnyama wa kilo tisa. (Na nusu. Nimeona.)

Askari sijaomba. Nilikuwa na mume askari wa zimamoto, nilimfulia sare, inatosha. Lakini wewe endelea. Naomba tu uniandikie kila kitu kilivyo. Analalaje? Bado anakoroma? Anakula nini hasa? Na hicho kijia, bado ni mita nne?

Tarehe kamili madaktari hawajanipa.

Paraskeva Tomova


Smrikovo, 24 Januari

Mama mkwe mheshimiwa,

Nalazimika kuzungumza waziwazi. Mbwa huyu umemharibu kupita kiasi, na kazi ya kumnyoosha ni kubwa kuliko nilivyokadiria.

Kwanza, mlango. Ili ajifunze kwamba kutoka nje ni jambo jema, siku ya tatu nilimpa kipande kidogo cha soseji kavu aliporudi ndani. Ndivyo tulivyofanya kazini, unalipa tendo jema papo hapo. Siku ya nne alitoka mara kumi na moja. Anabweka mara moja, nafungua, anagusa theluji kwa kucha moja, anageuka, anakaa mbele ya kabati la soseji. Nimeandika ripoti nyingi za mbwa maishani mwangu, lakini hii sijui niiite nini.

Pili, mguu. Jumamosi alisimama katikati ya njia, akanyanyua mguu wa mbele wa kushoto, akatetemeka. Nikamkagua, hakuna jeraha. Nikambeba mpaka ndani. Tangu siku hiyo njia ya kurudi anarudi mikononi mwangu. Ni wazi kwamba huko kwako mjini Plovdiv ulikuwa ukimbeba.

Tatu, taulo. Nilimfuta tumbo kwa taulo kavu kama ulivyoagiza. Akaingia chini ya kabati la vyombo, akanipa mgongo mpaka saa tatu usiku. Kesho yake taulo lilikuwa juu ya jiko la kuni kwa bahati, likawa la moto. Akalala chali, miguu minne juu, akafumba macho. Sasa la baridi halikubali. Haya ndiyo malezi yako.

Nne, njia. Ulizoea kumtembeza wapi? Kijia nilikichimba kimenyooka kama rula. Hakukanyaga. Alisimama mwanzoni akitazama upande wa mti wa plamu, dakika kumi, mpaka masikio yangu yakafa ganzi. Nikapinda kupita plamu. Akaenda. Kumbe pale hakuna upepo. Sasa njia inapita plamu, inazunguka banda la kuni, inafika lango la barabarani, mita thelathini na moja. Ikianguka theluji usiku naanza upya saa kumi na moja, maana saa kumi na mbili yeye tayari yuko mlangoni.

Kwa hali hii ratiba ya wiki mbili haitoshi. Naomba niongezewe mbili.

S. Dyulgerov

[Nyuma ya bahasha, kwa penseli:]

Bi Paraskeva, mimi ni Stoyna, tarishi wa posta ya huku. Hunijui. Barua sijaisoma, Mungu ni shahidi yangu, ila yeye huniuliza maneno yanaandikwaje. Kuhusu mguu: Jumamosi ulikuwa wa kushoto, Jumatatu nilimwona kwa macho yangu ni wa kulia. Nikamwambia, "Sajenti, ugonjwa umehama." Akaniambia, "Wewe leta barua." Na hilo gunia la ukumbini, nawekea viazi siku hizi, kanipa.


Chumba Namba 14
29 Januari

Bwana Strahil,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Mimi Beyko sijampashia taulo moto hata siku moja. Nilimfuta kwa gazeti.

Sijambeba. Na nyonga hii, na ngazi za ghorofa nne, ningembebaje? Alipanda na kushuka mwenyewe kwa miaka saba, akiwa mbele yangu, akinisubiri kila kona kwa dharau. Mguu hakuwahi kuumwa. Mlangoni alibweka mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na soseji aliiona sikukuu hadi sikukuu. Kuhusu njia, tulitembea kwenye lami, pande zote sawa, hakuna aliyepinda popote.

Hayo yote kakufundisha wewe. Tena kwa siku kumi na tano! Yule mwenzangu aliyevunjika mkono anasema hata jeshi haliwezi.

Chumba kizima tulicheka mpaka nesi akaja kutupima joto. Usikasirike. Mimi pia alinifundisha, ila mambo mengine. Mimi kwa mfano sikai kwenye kiti cha dirishani. Ni kiti changu, nilikinunua mimi, nikakivalisha kitambaa mimi, na kwa miaka saba sijakikalia. Siku moja tu nilikaa, akaja akanitazama. Hakubweka wala hakunung'unika. Alinitazama tu, kama mkaguzi wa tiketi. Nikaondoka.

Wiki mbili nakupa. Nakupa hata tatu. Madaktari nao wamesema nyonga isiharakishwe, kwa hiyo usiwe na haraka yoyote ya kumrudisha. Yoyote.

Paraskeva

Stoyna msalimie. Mwambie viazi visikae karibu na jiko.


Smrikovo, 6 Februari

Mama mkwe mheshimiwa,

Barua yako ya tarehe 29 nimeisoma mara tatu. Siku mbili sikumsemesha mbwa. Yeye hakugundua.

Kisha ikaja dhoruba. Huko kwenu sijui mlipata kiasi gani, sisi hapa Ijumaa tuliamka madirisha ya chini hayapo. Umeme ulikatika, greda la barabara halikuonekana siku tatu. Mkate ukaisha. Nikasema nitakwenda dukani peke yangu, mbwa abaki. Nikavaa koti la ngozi ya kondoo, nikafungua mlango, nikasikia nyuma yangu sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa yeyote, kama mtu anayesafisha koo ili aseme jambo zito. Nikageuka. Alikuwa amekaa, masikio yamelala, ananitazama.

Nilimfungia ndani ya koti, kichwa nje, kati ya kifungo cha pili na cha tatu. Dukani walikuwepo watu wanane. Wote wakageuka kumtazama. Halafu mzee mmoja, niliyewahi kuwa mkuu wake wa zamu, akasimama wima akapiga saluti, akamwambia Beyko, "Tumejipanga, mkuu." Watu walicheka mpaka mwenye duka akalia machozi kwenye mizani. Nami nikacheka. Sijui tangu lini sikucheka dukani. Tangu Nevena aondoke, nadhani. Tukakaa humo saa mbili, jiko linawaka, chupa ya pombe ya rakia ikatoka chini ya meza, Beyko akapita magoti yote.

Sasa nikuambie jambo ambalo Nevena analijua na wewe hulijui.

Mbwa wangu wa mwisho mpakani aliitwa Grom. Miaka tisa tulifanya kazi pamoja. Nilipostaafu, Grom alikuwa mali ya serikali na mimi sikuwa tena wa serikali. Nilisaini karatasi, nikaweka kamba yake mezani, nikatoka. Alibweka mpaka nilipofika getini. Sikugeuka, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe kwamba anayegeuka anamchanganya mbwa. Nikaapa sitaingiza mbwa mwingine nyumbani mwangu. Nevena alipotaka kumleta huyu wako mwanzoni nilikataa, si kwa sababu yako.

Basi. Kuhusu mafunzo, naona Februari haitatosha. Aprili, huenda. Yeye ni mgumu. Ni afadhali abaki huku mpaka theluji iishe yote, maana kumhamisha katikati ya programu ni kosa la kitaalamu.

Daktari wa mifugo anapita kijijini tarehe 17. Nitumie kitabu chake cha chanjo.

Strahil

[Nyuma ya bahasha:]

Programu gani? Mbwa analala kitandani, upande wa ukutani. Shuka nimeziona kwenye kamba. Stoyna.


Chumba Namba 14
12 Februari

Strahil,

Kitabu cha chanjo hiki hapa. Mpe daktari, akigonga muhuri kiweke kabatini. Hakuna haja ya kukisoma, ni tarehe tupu.

Habari ya Grom sikuijua. Ningeijua ningekutazama kwa jicho lingine, labda. Unakumbuka siku ya harusi yenu nilishona gauni la Nevena, vifungo arobaini na vinne mgongoni, kisha nikaondoka kanisani kabla ya chakula. Nilisema kichwa kinauma. Hakikuuma. Nilikaa kituo cha basi na viatu vyangu vizuri nikiwaza: binti yangu kamchukua mtu anayenuka mbwa, anayesema kwa amri, atakayempeleka milimani. Niliona kama umeninyang'anya. Nami nikaamua sitakuzoea. Nilifanikiwa, nina bidii.

Aprili ni sawa. Mei ni sawa pia. Kama programu inadai vuli, mimi si mtaalamu, siwezi kubisha.

Chuma cha miguu minne ninachoegemea nimeanza kutembea nacho ukumbini, mpaka kwenye ua la plastiki na kurudi. Kina upana wa mlango, nagonga kila mahali. Wanasema naendelea vizuri sana kwa umri wangu. Msemo huo siupendi, lakini nyonga inashika.

Mpapase chini ya sikio la kulia. La kushoto hapendi.

Paraskeva


Smrikovo, 16 Februari

Mama mkwe,

Nimekisoma.

Ukurasa wa kwanza, mahali pa mwenye mbwa, jina lako limekatwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake kuna jina langu, kwa mwandiko wako. Na tarehe: 2 Januari 2006. Barua yako ya kwanza kwangu ni ya tarehe 9, na humo umeandika wiki sita.

Mimi si msomi lakini kuhoji watu ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Mtu hampi mtu mbwa wake wa miaka saba bila kumwambia. Una nini? Madaktari wamekuambia nini? Nilipiga simu hapo, nesi anasema u mzima na unakula vya wenzako. Kama u mzima, kwa nini umempa mtu mwingine mbwa wako?

Nataka jibu. Na nataka la kweli.

Strahil


Chumba Namba 14
20 Februari

Strahil,

Umeniuliza kwa amri, nitakujibu kwa upole.

Mzima kweli. Lakini ghorofa ya nne haina lifti, na daktari aliponiona Desemba alisema peke yangu kule siwezi tena. Nevena alikuwa amekaa kando ya kitanda changu hospitalini akakupigia simu. Alinigeuzia mgongo, akaongea taratibu ili nisisikie. Naye sikumsikia. Mimi ni kiziwi kwa wanaoongea taratibu, na wewe, mwanangu, hujawahi kuongea taratibu. Ulisema: "Nitachukua mmoja. Mbwa au mama mkwe. Wote wawili siwezi!" Hata mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka.

Sikukulaumu. Ningeulizwa mimi nichukue nyumbani kwangu wewe au mbwa, ningesema nachukua mbwa.

Kwa hiyo nilichagua. Ipo nyumba ya wazee hapa karibu, safi, wana bustani, mbwa hawapokelewi. Mimi nina miaka sabini na tisa, nimekaa na watu wa kila aina, nitazoea. Beyko hawezi kuzoea. Yeye hata njia iliyonyooka haizoei. Nikamwambia Nevena ampeleke kwako, ni wiki sita tu, akakubali kwa kuwa na yeye hakujua mpango wangu. Nikasema moyoni, akishakaa wiki sita hutaweza kumtoa. Ulivyozidi kunilalamikia ndivyo nilivyozidi kulala vizuri.

Naingia huko tarehe mosi Machi. Sanduku langu ni moja. Usimwambie Nevena mpaka nitakapomwandikia mwenyewe, ataacha kazi ya watu aje kulia hapa.

Niandikie tu habari zake. Hiyo inanitosha. Wenzangu hawa wawili nao wanaondoka wiki hii, sijui nitamsomea nani.

Paraskeva


Smrikovo, 1 Machi

Nevena binti yangu,

Kaa chini, na huyo bibi wako mpe chai yake kwanza, barua ni ndefu. Umeona mahali nilipoandikia? Soma tena hapo juu. Ndiyo. Niko nyumbani kwako, karibu na jiko la kuni, na nimevaa soksi za mumeo.

Kwamba leo nilikuwa niingie nyumba ya wazee bila wewe kujua, hilo utaniuliza baadaye. Tutagombana ukija. Sasa nikusimulie.

Ijumaa nilikuwa nimekaa kitandani, mwenzangu wa mwisho kaondoka asubuhi. Posta ilipita bila barua. Nikasema, nimemkasirisha, haandiki tena. Mara naona nesi anapita mlangoni kwa kasi, na mlinzi nyuma yake, na mbele yao mumeo katika lile koti la kondoo, theluji mabegani, tumbo limevimba kama mjamzito. Nesi anapunga mikono. Mdomo wake nilisoma: hairuhusiwi, hairuhusiwi. Strahil akasimama mbele yangu, akafungua kifungo cha pili. Kikatoka kichwa.

Nevena, Beyko hakubweka. Alinilamba kidevu, kisha akakagua godoro, akalala juu ya mto. Mlinzi akavua kofia. Nesi akasema, hili nililisikia, "Dakika tano basi."

Nikamwambia mumeo, "Umekuja kumrudisha? Sina pa kumweka, nimekueleza."

Akasema, "Kusanya vitu, Mama."

Hakusema mama mkwe. Nikajifanya sikusikia, ili aseme tena. Akasema tena, na ukumbi mzima ukasikia.

"Ulisema mmoja," nikamwambia.

"Nilisema upuuzi. Nilisema nikiwa na hofu."

"Hofu ya nini, ya bibi kizee?"

"Ya kuzoea," akasema. "Mtu ukizoea, halafu unasaini karatasi."

Nikampapasa Beyko chini ya sikio la kulia. Halafu nikaanza kumpa sababu, unanijua. Nikasema nyumba yenu ina ngazi. Akasema chumba cha chini, kitanda ameshakishusha, yeye na Stoyna. Nikasema choo kiko nje ya ukumbi. Akasema amepigilia fito ukutani njia nzima, nishike. Nikasema, "Na theluji? Nitatokaje? Niwe mfungwa wa dirisha kama hapa?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi. Uzi wa kawaida wa kufungia soseji, una mafundo mawili. Akaukunjua, akapiga magoti mbele ya kile chuma changu cha miguu minne, akaupima kutoka mguu hadi mguu. Fundo likafika penyewe. Kumbe alimpigia simu nesi siku mbili kabla, akamwambia apime upana wa chuma na aongeze kiwiko kila upande. Nimeshona nguo miaka arobaini na mbili, nimepima wake za wakubwa na waimbaji wa opera. Mimi mwenyewe, Nevena, hakuna aliyewahi kunipima.

"Njia yote nimeipanua kwa uzi huu," akasema. "Mpaka barabarani. Nimetia majivu isiteleze. Imepinda kidogo, usiniulize kwa nini."

Nikamwambia anipe sanduku, lipo chini ya kitanda. Akaliinua kwa mkono mmoja. Beyko alikataa kushuka kwenye mto wa kulalia, ikabidi mlinzi aje kumbembeleza kwa biskuti. Yule mlinzi alikuwa amefunzwa ndani ya dakika kumi na mbili, nilihesabu.

Sasa nikuambie ya leo asubuhi, halafu nimalize. Stoyna alileta uzi wa heri wa mwezi Machi, mwekundu na mweupe, akatufunga sote, mimi mkononi, mumeo mkononi, Beyko shingoni. Jua limetoka, theluji inadondoka matone kwenye paa. Strahil akasema twende tukajaribu njia. Nikaenda, chuma changu mbele, yeye nyuma yangu hatua mbili, Beyko mbele ya wote. Ni njia nzuri. Kuta za theluji zinanifika kifuani pande zote mbili, na ndani yake ni kama ukumbi usio na paa.

Tulipofika kwenye plamu, Beyko akasimama katikati. Akanusa hewa. Akakaa. Mimi nikataka kumwita.

"Usimwite, Mama," Strahil akasema sikioni mwangu. "Akiitwa ndiyo haendi kabisa. Tunasubiri tu."

"Tunasubiri nini?"

"Sijawahi kujua."

Basi tukasubiri. Tumesimama bega kwa bega, maana njia ni pana kwa watu wawili. Nikamuuliza plamu ni ya aina gani, akaniambia. Akaniuliza vile vifungo arobaini na vinne nilivishona kwa siku ngapi, nikamwambia. Alikumbuka kwamba usiku ule vilimshinda kufungua, akaona haya, akatazama pembeni, sajenti mkuu mzima! Nikacheka mpaka nikamshika mkono nisianguke. Nevena, tulisimama pale robo saa. Kwa miaka ishirini na tisa mimi na mumeo hatukuwahi kusimama mahali pamoja robo saa.

Kisha Beyko akainuka, akajikung'uta, akatangulia kuelekea langoni bila kutazama nyuma kama tunakuja.

Tukamfuata.

Mama yako,
Paraskeva